Aliyegeukia Ukutani: Hunadi Phukubye, Fundi wa Uzio wa Umeme

Hunadi Raesibe Phukubye alizaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, katika kijiji cha Ga-Mashashane, magharibi ya mji ambao leo tunauita Polokwane. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Alpheus Makgoka na Bibi Mosima Makgoka, ambaye yuko nasi leo akiwa na umri wa miaka tisini na mmoja. Wamakgoka ni watu wa nungunungu, ndiye mnyama wa ukoo wetu, na baba yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa na miiba yake tayari. Haikuwa kweli. Alikuwa mpole. Ila hakupenda kitu chake kiguswe bila kuombwa, na yeye hakugusa cha mwenzake bila kuomba.

Alianza shule ya msingi hapo kijijini Januari 1975, kisha akahamia Seshego kwa masomo ya sekondari, akamaliza mwaka 1987. Alitaka kwenda chuo kusoma hesabu. Baba yake alifariki Februari mwaka uliofuata, na jambo hilo likaishia hapo. Hakulalamika, lakini hakuacha kusoma. Alisoma magazeti yaliyofungiwa nyama. Alisoma maelezo yaliyo nyuma ya pakiti za mbegu. Kaka yake Frans, ambaye ni baba yangu, anasema ungempa Hunadi chupa ya dawa ya kikohozi, angekurudishia akiwa amekwisha kujua ilitengenezwa wapi na isitumiwe na nani.

Mwaka 1996 aliajiriwa na kampuni moja ya uzio mjini, kazi yake ikiwa kupika chai na kupokea simu. Miaka hiyo kila ukuta wa mji ulikuwa unaota nyaya juu yake. Kila nyumba ilifungiwa mashine ya uzio, kile kisanduku kinachopeleka mapigo ya umeme kwenye nyaya na kupiga king'ora mtu akizikata. Kila mashine ilikuja na kijitabu chake, na mafundi walikitupa pamoja na boksi. Hunadi alikiokota, akakipeleka nyumbani, akakisoma kama wengine wanavyosoma hadithi za mapenzi.

Alhamisi moja ya Oktoba 1997, fundi mkuu alipiga simu ofisini akiwa juu ya ngazi.

"Hunadi, niunganishe na wenye kiwanda Joburg haraka. Hii mashine ina pepo. Inalia tu."

"Inalia mara ngapi kabla ya kunyamaza?"

"Wewe niunganishe na Joburg, halafu upike chai."

"Chai iko tayari. Inalia mara ngapi?"

Akahesabu. "Mara tano."

"Hapo inakwambia arthi ni mbovu. Umepigilia vyuma vyake vingapi ardhini?"

"Kimoja."

"Kijitabu kinasema vitatu."

"Kijitabu gani?"

Mwezi uliofuata Hunadi alikabidhiwa ngazi yake mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika kampuni hiyo kupanda juu ya ukuta wa mtu.

Mwaka 1999 alichumbiwa na Bwana Lesetja Phukubye, mwalimu wa jiografia. Wakati huo Hunadi alikuwa amefunga mashine moja kuukuu kijijini, kuzuia mbuzi wasiingie kwenye bustani ya mama yake. Asubuhi ya Jumamosi moja ya Julai wajumbe wa mahari walifika na, kama ilivyo ada, wakaachwa wasimame nje ya lango hadi waitwe. Waliachwa muda mrefu. Msemaji wao, Mzee Phaswane, mjomba wa bwana harusi, alichoka, akanyoosha mkono kuegemea waya. Kofia yake ilianguka upande mmoja, fimbo upande mwingine.

"Enyi Wamakgoka! Tumekuja kuomba mke, mbona mnatupiga?"

Bibi Mosima alimjibu kutoka jikoni: "Hatujampiga mtu. Ni mke mwenyewe huyo, anasema msiguse bila kuomba."

Kwa kawaida ni wageni wanaotozwa faini kwa kila kosa la adabu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza kadiri watu walivyoweza kukumbuka, wenyeji ndio waliotozwa: blanketi moja, kwa Mzee Phaswane. Blanketi hilo analo hadi leo, na asubuhi hii ya baridi amekuja amejifunika nalo. Harusi ilifungwa tarehe 18 Septemba 1999. Mtoto wao wa pekee, Mahlodi, alizaliwa mwaka 2001.

Mwaka 2003 Hunadi alianzisha kazi yake mwenyewe, akiwa na gari moja la mizigo na ngazi mbili. Waliofanya kazi naye wanajua jinsi alivyopanga mashine: volti elfu nane kwenye nyaya, king'ora kilie zikishuka chini ya elfu nne au yakikosekana mapigo matatu, na betri ipimwe kila baada ya miezi mitatu kwa sababu umeme wa serikali ukikatika haungoji mtu. Msimu wa mvua ulipofika na majani kuanza kugusa waya wa chini, wateja walimpigia.

"Mama Mahlodi, kishushe hicho kiwango cha king'ora. Kila ikinyesha kinatuamsha."

"Uzio unakulalamikia, nawe unataka niuzibe mdomo? Kata majani, babangu."

Kipande kinachofuata familia imeniomba nisikiruke, kwa sababu yeye mwenyewe hakukiruka.

Kila mashine ina namba ya mwenye nyumba, ambayo huwasha na kuzima tu, na namba ya fundi, ambayo hufungua mipangilio yote. Mafundi wengi hutumia namba moja ya fundi kwa nyumba zao zote, wasije wakasahau. Hunadi naye alifanya hivyo. Aliweka 1934, mwaka aliozaliwa mama yake, katika nyumba mia moja sitini na tatu.

Jumapili, tarehe 6 Machi 2011, Bwana na Bi. Labuschagne wa Flora Park walikuwa kanisani mwizi alipoingia nyumbani kwao. King'ora hakikulia. Kati ya vitu vilivyochukuliwa ilikuwamo pete ya marehemu mama yake Bi. Labuschagne. Hunadi aliitwa, na mbele ya polisi akafungua kumbukumbu ya mashine, akaisoma kwa sauti: "Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, uzio umezimwa kwa namba ya fundi."

"Namba ya fundi anaijua nani?" polisi akauliza.

"Mimi. Na kila niliyewahi kufanya naye kazi."

Mwizi alikamatwa baadaye, mtu aliyewahi kumshikia Hunadi ngazi kwa miezi minne. Lakini siku ile hakuna aliyejua hivyo. Kilichokuwa hatarini ni jina la Hunadi, miaka kumi na minne ya kazi, na chakula cha nyumba hii. Baba yangu alimfuata alasiri ile ile.

"Ni nyumba moja tu imeibiwa. Badilisha namba ya hiyo, zile nyingine ukipita utabadilisha kimya kimya. Ukienda kuwaambia wote, Hunadi, Jumatatu umerudi kupika chai."

"Basi nitapika chai, kaka. Lakini siwezi kuendelea kushika funguo za watu mia moja sitini na tatu mfukoni mwangu, na mfuko umetoboka."

Alizunguka siku kumi na tisa. Katika kila mlango alisema maneno yale yale: "Namba ya mashine yako niliifanya moja na ya jirani zako. Nilikosea. Nimekuja kurekebisha." Kisha alifungua mipangilio hadi mahali pa kuweka namba mpya ya fundi, akamkabidhi mwenye nyumba kibao cha namba, kisha yeye mwenyewe akageukia ukutani. Alianza na Bi. Labuschagne.

"Mbona unatazama ukuta?"

"Ili nisiijue, mama."

"Na mashine ikiharibika?"

"Utanifungulia mwenyewe. Mimi nitageuka tena."

Bi. Labuschagne alimtazama mgongo. "Umesimama kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu."

"Ndiyo, mama. Andika."

Wateja thelathini na wanne walimwacha. Hakumlaumu hata mmoja. Wengine walibaki, wakasimulia wenzao habari za fundi anayegeukia ukutani, na wenzao wakampigia simu. Alipofariki alikuwa anatunza nyumba mia nne na kumi na mbili, na hakuijua namba ya fundi ya hata moja. Kazi ilikuwa ngumu zaidi hivyo. Ilibidi mwenye nyumba awepo kila mara, na wapo wazee wa Seshego waliosahau namba zao hata mashine ikabidi ifunguliwe na kupangwa upya tangu mwanzo. Alikuwa akiwatania, lakini hakuwahi kuwaambia wamwachie yeye namba. Bi. Labuschagne, ambaye sasa ni mjane, yuko nasi leo. Amekuja na kiti chake cha kukunja.

Agosti 2023 Hunadi alianza kuumwa tumbo, na mwezi Novemba madaktari wakamwambia ni saratani. Alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu. Alipoishiwa nguvu za kupanda ngazi, alikwenda kazini hivyo hivyo, akaketi ndani ya gari kioo kikiwa chini na blanketi magotini, Mahlodi akiwa juu ya ukuta.

"Umeweka mapigo mangapi?"

"Matatu, mama."

"Vyuma vya arthi?"

"Vitatu. Nimehesabu."

"Hesabu tena."

Alifariki nyumbani kwake Seshego, Jumapili tarehe 8 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na saba. Neno lake la mwisho kwa mumewe lilikuwa swali: je, majani chini ya uzio yamekatwa? Yalikuwa yamekatwa.

Kama ilivyo ada yetu, tangu saa hiyo lango la nyumba halikufungwa, ili kila anayekuja kutupa pole aingie bila kubisha. Lakini mashine ya nyumba hii aliipanga yeye mwenyewe, na aliiambia kwamba lango likikaa wazi dakika kumi, king'ora kilie. Kililia. Bwana Lesetja alikinyamazisha kwa namba yake, na baada ya dakika kumi kikalia tena, kwa sababu namba ile huzima uzio, si amri ya lango. Akina mama walikuwa wameanza wimbo. Mzee Phaswane aliziba masikio kwa blanketi.

"Hata baada ya kufa," akasema, "bado anatupiga!"

Watu walicheka huku wanalia. Kuibadilisha amri ile kulihitaji namba ya fundi. Mahlodi alijaribu 1934, ikakataliwa. Alijaribu mwaka wa kuzaliwa mama yake, mwaka wa harusi, na mwaka wake mwenyewe. Zote zilikataliwa. Tulipekua madaftari yake, na hatukukuta namba hata moja, ya nyumba hii wala ya nyumba ya mtu mwingine.

Bibi Mosima alikuwa ameketi kwenye godoro, mahali pa mfiwa. Akauliza, "Mnatafuta nini?"

"Namba ya fundi, Bibi," Mahlodi akajibu. "Mama hakutuachia."

"Hakuwa nayo."

Chumba kizima kilimgeukia.

"Nyumba hii ndiyo aliyoibadilisha mwisho kabisa, baada ya zile za watu. Aliniletea kibao hapa, akageukia ukuta. Nikamwambia, we mtoto, nyumba si ni yako? Akasema, 'Andika, Mama. Nimechoka kujua.'"

Mfiwa hatoki kwenye godoro. Kwa hiyo Mahlodi alikibandua kibao ukutani, akauvuta waya wake hadi miguuni pa bibi yake. Bibi Mosima alikishika kwa mikono miwili, halafu akainua kichwa.

"Haya, geukeni."

"Nani, Bibi?"

"Wote. Na mchungaji pia."

Tuligeuka. Mume wake, kaka yake, mchungaji, Mzee Phaswane na blanketi lake, akina mama wa kanisa, na majirani waliokuwa wameshika vikombe vya chai na skonzi mkononi, sote tulisimama tukitazama ukuta, kama yeye alivyosimama mbele ya milango mingi kiasi kile. Tulisikia vidole vya mama mzee vikibonyeza mara nne, polepole.

"Tayari," akasema.

Hunadi ameacha mama yake, Bibi Mosima Makgoka. Mume wake, Bwana Lesetja Phukubye. Binti yake, Mahlodi, ambaye ameirithi ngazi. Kaka yake, Frans Makgoka, ambaye ameniomba niseme mbele yenu kwamba siku ile ya Machi yeye ndiye aliyekosea. Na mimi, mtoto wa kaka yake. Ameacha pia mafundi wawili aliowafundisha, na nyumba mia nne na kumi na mbili.

Lango letu limekuwa wazi siku sita. Leo tukirudi kutoka makaburini, tukishanawa mikono pale nje, Bibi atakibonyeza tena kibao, sisi tutageukia ukutani, na Mahlodi ataurudisha uzio katika amri za mama yake.

Pumzika, Hunadi, mwana wa nungunungu. Umeondoka bila ufunguo wa mtu yeyote mkononi.