Sista Winifrida na Ugonjwa Nilioufukizia Udi

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu, mashekhe na mapadri mliopo, wafanyabiashara wenzangu wa Kariakoo, na wewe Sista Winifrida tunayekuaga leo kwa kustaafu, shikamoo. Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Nasor, muuza khanga wa Mtaa wa Uhuru. Nimeombwa nimsifu nesi wetu kwa dakika tano. Mwarabu wa Kariakoo kupewa dakika tano! Nitajitahidi.

Ndugu zangu, nani hapa hajui kwamba mteja wa kwanza wa asubuhi hafukuzwi? Hata akitaja bei ya kukutia hasara, utanung'unika, utaapa, kisha utampa, kwa sababu yeye ndiye anayekufungulia siku. Basi miaka minne iliyopita Sista alikuja dukani kwangu saa mbili asubuhi, akashika doti moja, akauliza bei. Nikamwambia, "Haiuzwi." Kesho yake akarudi mapema vilevile. "Haiuzwi."

Majirani walisema Nasor anaringa. Mke wangu Mauza, Mungu amtunze, alisema ni husda, akafukiza udi dukani mpaka wateja wakawa wanakohoa. Na mimi niliamini. Sikujua kwamba nilikuwa nimebeba miaka miwili ya mafuriko ya masika kuingia stoo yangu ya Jangwani, na mama yangu kulazwa na kutolewa, kulazwa na kutolewa, mpaka akafariki. Nilikuwa nasema, "Niko poa." Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuishi.

Siku ya tatu Sista hakuuliza bei. Alivuta stuli, akakaa.

"Nasor, chakula kina ladha?"

"Hakina."

"Mara ya mwisho kucheka lini?"

Nikaanza kulia mbele ya mwanamke wa watu, saa mbili asubuhi, duka liko wazi.

Hakunipa pole nyingi. Alinieleza. Alisema mwili ukitishwa hutoa homoni ya kukusaidia kupambana na hatari, na hatari ikipita, homoni hushuka. "Lakini wewe hatari yako haijapita miaka miwili." Homoni hiyo ikikaa juu muda mrefu, seli za ubongo, hasa zile za kumbukumbu na hisia, hupoteza vitawi zinavyotumia kupashana habari. Akasema hiyo si njia pekee ya kupata sonona, huo ugonjwa wangu, ila ni mojawapo.

"Kwa hiyo ubongo wangu umekufa?"

"Haujakufa. Umepogolewa, kama mti. Vitawi vinaweza kuchipua tena. Ila mgonjwa anakwenda kliniki, Nasor, haongezi udi."

Mauza, usinitazame hivyo, aliyesema ni Sista.

Mheshimiwa Diwani, nilikwenda. Nilipewa dawa, nikapewa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, nikaamriwa kutembea kwa miguu hadi Posta na kurudi. Haikuwa miujiza. Mwezi wa kwanza nilimchukia huyu mama. Mwezi wa tatu nilimfokea mteja aliyetaka punguzo la kipumbavu, na Mauza akatoa machozi ya furaha, akasema mume wake amerudi. Sista, tunakupenda. Nasema hadharani, mumeo anisamehe.

Sasa nimalizie kwa jambo ambalo familia yangu iliniomba nisiliseme. Dawa bado nameza. Miaka minne nimewaambia wenzangu kwamba Ijumaa nakwenda Upanga kuona wajomba. Sina mjomba Upanga. Huwa nakwenda kliniki, kwenye zahanati yetu hii hii, na leo nimechoka kumdanganya mtu ninayekula naye mchana. Tena najua humu ndani kuna mwenzetu anayesema yuko poa kama nilivyokuwa nikisema mimi.

Ijumaa hii ni zamu ya mwisho ya Sista. Saa mbili nitakuwa nimekaa pale kwenye benchi la kusubiria. Mwenye kuona haya na aje akae karibu yangu. Akiulizwa anafanya nini pale, aseme tu amemsindikiza Nasor.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Asanteni sana.