Kiti cha Mzee Sixbert na Hesabu ya Shikamoo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Sixbert Damiani Nampembe, Afisa Mipango Miji, anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Alianza tarehe 1 Machi 1992 akiwa msaidizi wa wapima ardhi. Kazi yake ilikuwa kushika ncha ya futi kamba na kusimama pale alipoambiwa. Mwenyewe anasema kazi hiyo ilimfundisha subira, kwa sababu waliomwambia asimame mara nyingi walimsahau.

Ofisini na mtaani anaitwa Mzee Sixbert. Alizaliwa kwenye uwanda wa juu wa Makonde, akasoma chuo cha ardhi kwa ruhusa ya kazini, kisha akahamishwa huku na huko katika pwani yetu mpaka akaijua kwa miguu. Amechora viwanja vya shule, masoko na makaburi. Anapenda chai isiyo na sukari na penseli iliyochongwa kwa kisu. Kalamu ya wino huitoa mara chache. Wanafunzi wanne wa kidato cha tatu tuliokuja ofisini kwake kwa mazoezi ya Jiografia tulimuuliza sababu, akatuambia kwamba wino ni wa jambo lililopita kwenye kikao, na mengine yote ni ya penseli. Ofisi imetuomba tuandike wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema katibu muhtasi, hakuna aliyewahi kumuuliza Mzee Sixbert maswali mengi kama sisi.

Swali letu la kwanza lilihusu kiti. Nyuma ya mlango wa ofisi yake kuna kiti cha mbao cha kukunja, kimefungwa kamba mguu mmoja. Hakikaliwi na wageni. Tulidhani ni kibovu. Kumbe ni kifaa cha kazi, na ili kukieleza lazima turudi kijijini Kiranjeranje, miaka mingi kabla hatujazaliwa.

Huko ndiko alikofanya kosa analolisimulia kuliko mafanikio yake yote. Alipewa kazi ya kuchora barabara ya kutoka kijijini kwenda mashambani. Njia ya zamani ilikuwa na kona saba. Yeye akachora barabara moja iliyonyooka, fupi zaidi kwa mita mia mbili, ikafyekwa na kusawazishwa. Baada ya miezi mitatu aliikuta imeota majani. Watu walikuwa bado wanapita kwenye kona zao saba, majembe mabegani, na kila aliyeulizwa alijibu tu kwamba ndiyo njia waliyoizoea. Asubuhi moja akaamua kuwafuata akina mama waliokuwa wanakwenda kupalilia. Kwenye kona ya nne, mbele ya nyumba yake, alikuwa ameketi Mzee Abdurahmani, ambaye alikuwa haoni. Kila aliyepita alisimama kumwamkia, akajibiwa, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo akaendelea. Sixbert naye akasimama, akaamkia, akajitambulisha kuwa ndiye mchoraji wa barabara mpya.

“Nimeisikia,” Mzee Abdurahmani akamwambia. “Wanasema imenyooka kama uzi. Sasa nieleze, mwanangu, huko mimi nitaulizwa na nani nimeamkaje?”

Tangu siku hiyo, kabla ya kuweka mstari kwenye karatasi, Sixbert huenda kwanza kuketi mahali penyewe na kuona nani anapita na nani anamsalimu nani. Kiti alikinunua kwa fundi wa hapo hapo Kiranjeranje.

Kazi ambayo wengi wetu tutaikumbuka ni ya mwisho. Mwezi wa tisa mwaka jana, shirika moja lilileta ombi la kujenga nyumba ishirini na nne za gharama nafuu kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza. Kila nyumba ingekuwa na chumba, jiko na choo cha ndani. Mikutano ya mitaa ilikwisha kupanga orodha ya wazee ishirini na wanne kwa kufuata uhitaji. Namba ishirini na moja alikuwa Bi. Mastura wa mtaa wa Rasbura, anayepanga chumba ambacho ukuta wake mmoja umeegemezwa magogo mawili. Ni haki msomaji ajue mapema kwamba Bi. Mastura ni bibi yake aliyeandika wasifu huu.

Shirika lilichagua kiwanja cha juu, kwenye kilima nje ya mji. Ni kipana, kina upepo mzuri, na nyumba zote ishirini na nne zilienea bila kubanana. Mchoraji wa shirika, Bi. Imani, alikuwa ameichora kila nyumba ikitazama bustani ya nyuma, mbali na barabara. Kwenye maelezo yake neno utulivu lilionekana mara kumi na moja. Tulilihesabu.

Sheria inataka ombi kama hilo libandikwe kwenye mbao za matangazo kwa siku thelathini ili wananchi watoe maoni. Maoni yalikuwa mawili tu, yote ya pongezi. Mzee Sixbert angeweza kugonga muhuri na kwenda zake nyumbani. Badala yake, Jumatano moja alivaa shati la zamani na kofia ya ukili, akachukua kiti, akapanda kilimani. Aliketi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Alipata shikamoo tisa. Tatu kati ya hizo zilitoka kwa mama mmoja muuza mihogo, aliyekuwa amepotea njia na akarudi mara mbili kuuliza.

Jumatano iliyofuata, saa zile zile, aliketi kwenye kiwanja kingine, cha chini, pale Rasbura, palipokuwa na ghala la korosho lililobomolewa zamani. Ni kiwanja cha serikali, kidogo, kando ya njia iendayo shuleni, msikitini na zahanati. Sisi wanne tulipewa daftari tuhesabu. Tulitaka kujua kama mtu akisema habari za asubuhi naye anahesabiwa.

“Kasimama au kapita?” akatuuliza.

“Kasimama.”

“Mwandike. Anayenitupia salamu akiwa juu ya bodaboda, huyo mwacheni aende zake.”

Jioni daftari lilikuwa na mia moja arobaini na sita.

Bi. Imani hakuridhika, na swali lake lilikuwa zuri. Alisema Mzee Sixbert anajulikana mji mzima, hata akivaa kofia ya ukili, kwa hiyo ni cheo chake kilichoamkiwa. Mzee Sixbert alikubali mara moja. Akaenda kwenye orodha, akatafuta mtu mwenye miguu inayoweza kupanda kilima na asiye na cheo chochote. Akampata Bi. Mastura.

Bi. Mastura akaketi kilimani Jumatano nzima. Alipata salamu mbili, akala muhogo wake, akasinzia. Bi. Imani alipokuja kumwona alimuuliza kama hakupendezwa na ule utulivu.

“Mwanangu, utulivu upo unaningoja, wala sina haraka nao,” Bi. Mastura akamjibu. “Mimi nilikuwa natafuta nyumba.”

Wiki iliyofuata, kwenye kiwanja cha chini, alipata themanini na nane. Saa kumi ilipofika tukaja kumchukua, akakataa kuinuka. “Niacheni kidogo,” akasema. “Wale wa masomo ya jioni bado hawajapita.” Bi. Imani alikuwapo. Tulimwona akigeuza mchoro wake juu chini na kuutazama upya.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kiwanja cha chini kilitosha nyumba kumi na sita tu. Wazee wanane wangeachwa, na Bi. Mastura, ambaye kuketi kwake ndiko kulikothibitisha hesabu, alikuwa mmoja wao. Tena shirika lilikuwa limeeleza wazi kwamba ujenzi usipoanza kabla ya mwisho wa Juni, nyumba zote zingepelekwa wilaya nyingine. Kuendelea na kilima kulikuwa kumpa kila mtu nyumba. Ofisini palikuwa na waliomshauri hivyo, na hawakuwa watu wabaya.

Kamati ya mipango miji iliketi mwezi wa pili. Tuliruhusiwa kukaa nyuma kabisa. Mzee Sixbert aliwasilisha ripoti yake yenye safu za maji, umeme, udongo na mteremko, na safu ya mwisho iliyoandikwa Shikamoo. Mwenyekiti, Mheshimiwa Haruna, aliisoma mara mbili, akavua miwani.

“Bwana Sixbert,” akasema, “hizi shikamoo nazo tuzitoze ushuru?”

Kikao kizima kilicheka, na Mzee Sixbert alicheka kuliko wote. Kicheko kilipoisha akawasimulia juu ya kona ya nne ya Kiranjeranje. Kisha akasema kwamba mzee akianguka ndani ya nyumba yake, anayegundua ni yule aliyezoea kumwamkia asubuhi na leo hakumwona barazani. Kule kilimani, kwa hesabu waliyoipata, mzee anaweza kukaa siku nzima sakafuni. Hapakuwa na mzaha tena baada ya hapo. Kamati ilichagua kiwanja cha chini, na ikampa wiki sita atafute namna ya kuongeza nyumba.

Yeye na Bi. Imani walifanya kazi hiyo pamoja, meza moja, yeye na penseli, Bi. Imani na kompyuta. Waliunganisha nyumba mbili mbili kwa ukuta mmoja. Waliondoa bustani ya nyuma, wakageuza kila nyumba itazame njia, wakaweka baraza mbele, pana kiasi cha watu watatu kuketi. Kutoka kumi na sita walifika kumi na nane. Siku ya mwisho ya wiki ya tano Bi. Imani akapata njia ya kusogeza tangi la maji, wakafika ishirini. Zaidi ya hapo gari la wagonjwa lisingeweza kugeuka ndani. Walilijaribu jambo hilo kiwanjani, kwa kamba na vigingi na gari lenyewe, mara nne.

Ishirini zikapita kwenye kikao, kwa wino. Bi. Mastura ni namba ishirini na moja.

Barua ingetosha kuwajulisha wale wanne waliobaki. Mzee Sixbert hakuandika barua. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na kwa Bi. Mastura alifika baada ya sala ya alasiri, akaketi kwenye ngazi ya mlangoni kwa kuwa chumba kile hakina baraza. Alieleza yote, pamoja na sehemu yake mwenyewe katika jambo hilo, bila kujificha nyuma ya kamati. Bi. Mastura akamwagiza mjukuu alete maji ya kunywa.

“Wa kwanza kwenye ile orodha ni nani?” akauliza.

“Bi. Rosalia wa kule karibu na kisima.”

“Basi ni sawa. Yule mkubwa wangu. Mwezi mzima hatoki nje, nani anamwona?” Kisha akasema, “Mimi bado natembea. Nitakuwa napita kuwaamkia. Na wewe uandike huko kwenye daftari lako kwamba Mastura anapita kila siku.”

Ameandika. Pia amefanya jambo jingine, ambalo tuliligundua wenyewe tulipokuwa tunakunja ramani. Upande wa pili wa njia kuna kipande cha ardhi ambacho shauri lake la mpaka halijaisha. Juu ya kipande hicho kuna vyumba vinne vidogo vimechorwa kwa penseli, kila kimoja na baraza yake, na ndani ya kila kimoja jina. La kwanza ni Mastura. Tulimuuliza lini vitatiwa wino. Alituambia kwamba hajui, na kwamba swali hilo lisiulizwe mara moja tu. Liulizwe kila Jumatano.

Msingi wa nyumba ishirini ulianza kuchimbwa tarehe 2 Juni. Bi. Benadetha, anayerithi meza yake, amekabidhiwa ramani, penseli na kile kiti chenye mguu wa kamba. Tumekwisha kumwamkia na kumweleza kuhusu Jumatano. Amecheka, lakini amefungua daftari lake akaandika.

Mzee Sixbert na mkewe, Mama Magdalena, wanahamia Milola kwenye mikorosho yao. Ofisi inamshukuru kwa miaka thelathini na mitatu ya kutazama kabla ya kuchora. Sisi wanafunzi tunamshukuru kwa kutotuambia hata mara moja kwamba swali letu ni la kitoto. Tunamtakia afya, mvua ya wakati wake, na baraza iliyo kando ya njia wanayopita watu.

Mzee Sixbert, shikamoo. Tumesimama, kwa hiyo hii ihesabu.

Fauzia Bashiru, kidato cha tatu, kwa niaba ya wenzake watatu