Nywele Nilizokuwa Nazichoma

Wapendwa, Bwana asifiwe sana Ijumaa hii ya leo! Mnivumilie nikizungukazunguka hapa mbele, kusimama mahali pamoja siwezi.

Ndugu zangu, mlizisifia sana nywele zangu zilipofika kiunoni. Hazikuwa urembo, zilikuwa woga! Bibi yangu kule Tukuyu alinifundisha kwamba mtu akiokota nywele zako anaweza kukuloga nazo. Nikaokoka, nikabatizwa, nikapanda ndege kuja Maskati, na woga nao ukapanda. Saluni sikukanyaga. Kila nikichana, nilikusanya zilizobaki kwenye kitana nikazichoma jikoni kwa bosi wangu, Bi Zuwena, pale Ansab. Nyumba nzima ikanuka!

Kisha binti yake, Rahma, mtoto wa miaka saba, akaugua saratani. Dawa zikamaliza nywele zote. Akagoma kwenda shule, akagoma hata kutoka chumbani wageni wakija. Wigi la dukani lilimwasha, akalitupa. Siku moja nampelekea uji, akaniuliza, "Dada Neema, nywele zote hizo wazifanyia nini?"

Ndugu zangu, sikutulia tena! Nilipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa. Nilideki sebule, nikarudia. Moyo ulisema toa, woga ukasema, zikae kichwani kwa mtu mwingine? Nikalia, "Yesu, wewe ni Bwana wa kichwa changu au la?" Nikachomoa pasi, nikamwendea Bi Zuwena. "Mama, nikate nywele, Rahma ashonewe wigi."

Akanikodolea macho. "Neema, mwanangu, una hakika? Mie sikukwambia kitu."

"Nikate kabla sijakimbia!"

Akazikata, tukazipeleka kwa fundi wa mawigi kule Bawshar. Alipozichambua, nyingine zilianguka sakafuni. Nikainama kuziokota, mazoea! Mfagiaji akaniwahi, akazizoa, akazitupa. Nikangoja nianguke. Sikuanguka! Haleluya!

Juzi Rahma alirudi shule, nywele zangu kichwani, utepe mwekundu juu. Jioni akaniletea kitana chake, nywele chache zimenasa. "Dada, hizi nizichome?"

"Tupa tu, mwanangu."

Asante Yesu! Nawe uliyefungwa na hofu, mwamini, atakufungua. Fundi anasema kuna watoto wengine wanaosubiri. Dada zangu wenye nywele ndefu, nawaona huko nyuma mnainamisha vichwa. Mkasi ninao hapa kwenye pochi.