Onyo la Kompyuta Namba Sita

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa shirika lililotupatia kompyuta. Viongozi wa jumuiya. Wazazi wetu: sisi wanafunzi wa darasa la kompyuta hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tunawasalimu kwa heshima. Karibuni. Mimi Fortunée Irangabiye nimetumwa kusoma tu. Maneno ni ya wote ishirini na wawili.

TULIKOANZIA

Miaka miwili iliyopita ulituletea laptopu kumi na mbili zilizokwisha kutumika. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Zilikuwa na mfumo wa Linux, na kila zikiwashwa zilitoa mistari ya Kiingereza ambayo wengi wetu, tuliosoma kwa Kifaransa na Kirundi, hatukuielewa. Wengine walisali kwanza ndipo wabonyeze.

TULICHOWEZA

Carelle Cirhuza, mwenzetu kutoka Bukavu, ambaye mama yake anauza mandasi, maandazi ya huku, karibu na darasa, ndiye aliyeanza kunakili maonyo hayo kwenye daftari. Alitafuta maana yake, akatufundisha. Mistari yenye neno ACPI mara nyingi ni malalamiko tu. Mashine ikifanya kazi vizuri, iache ilalamike. Onyo la joto, izime, ifungue, toa vumbi kwenye feni. Lakini diski ikisema inakaribia kufa, usibishane nayo. Hamisha kazi zako siku hiyo hiyo.

KILICHOTUPATA

Hapa utuvumilie, Mgeni rasmi, maana kusema kwa upole kumetuchosha.

Mwezi wa tatu kompyuta namba sita iliandika: diski inakaribia kufa, hifadhi nakala ya kazi zako, bonyeza F1 kuendelea. Ndani yake kulikuwa na maombi ya ufadhili wa chuo ya wenzetu saba. Carelle aliomba ruhusa ya kuyahamishia kwenye flashi. Akakataliwa kwa agizo la shirika lenu. Flashi ni marufuku, zinaleta virusi. Basi yeye na mwenzetu Ndikuriyo wakapanda minibasi hadi ofisi yenu ya Area 47, Lilongwe, wakiwa na onyo hilo limenakiliwa neno kwa neno. Fundi wenu hakulisoma hata nusu.

"Hizo ni kelele za Linux," aliwaambia. "Bonyezeni F1."

Tulibonyeza F1 siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili diski ikagonga-gonga ndani, ikanyamaza. Ndikuriyo akaipeleka kwa fundi mmoja Area 23, naye akaigeuza mkononi akauliza, "Hii haikuwaambia?"

Ilituambia. Sisi tuliwaambia ninyi. Tarehe ya mwisho ikapita, na wale saba hawakutuma kitu.

Kisha ikaja barua ya ofisi yenu: Carelle amechezea mashine, asiingie tena darasani. Ilisomwa mbele yetu sote. Carelle alisimama akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu, "Mi njo nilisema itakufa. Sasa munasema mi njo niliua?"

Sisi hatukumtetea, tukiogopa kufukuzwa, na aibu hiyo hatumtwiki mtu mwingine.

Tangu siku hiyo, mashine ikitoa onyo tunalinakili, tunatoka nje, tunakwenda kwenye meza ya mandasi. Carelle anafuta mafuta mikononi, anasoma, anatueleza. Hajawahi kutufukuza, ingawa angekuwa na haki.

TUNAYODAI

Tuliandika "tunayoomba", tukafuta.

Barua ile ibatilishwe kwa maandishi, nayo isomwe hadharani kama ilivyosomwa ile ya kwanza. Shirika likiandikie chuo kwamba wale saba walichelewa kwa kosa lisilo lao. Turuhusiwe kuhifadhi nakala za kazi zetu. Na fundi akiletewa onyo, alisome mpaka nukta ya mwisho, hata kama aliyelileta ni mkimbizi.

Kuhusu laptopu kumi ulizokuja kuzizindua leo, tumeagizwa tupige makofi utakapokata utepe. Tutapiga, na vigelegele juu. Lakini kwanza Carelle aingie. Amekaa pale nje na mama yake, na mlango, Mgeni rasmi, uko nyuma ya kiti chako.

Mungu akurudishe Lilongwe salama, naye akupe moyo wa kutujibu kabla hujaondoka. Zikomo kwambiri, asante sana.

Ni sisi,
Wanafunzi ishirini na wawili wa darasa la kompyuta, Dzaleka, pamoja na Carelle Cirhuza, wa ishirini na tatu.