Kitambaa cha Sharifo Warsame kwenye Mtungi wa Nasteho

Bismillahi. Marehemu Sharifo Warsame alizikwa jana kabla ya alasiri. Sisi hatuna desturi ya kusoma wasifu, lakini wateja wake wa hoteli ambao si Waislamu wameomba wasomewe na wachapishiwe. Basi nimeandika mimi, Ugbad, binti yake wa kwanza, na nimeandika nikiwa nimechoka na nimeudhika. Mtanisamehe.

Marehemu alizaliwa Bura, Fafi, mwaka 1961. Mwezi haujulikani, kitambulisho chake kinasema Januari mosi, kama cha karibu kila mtu wa rika lake huku kwetu. Alisoma dugsi, yaani chuo cha Kurani, kisha shule ya msingi mjini Garissa hadi darasa la nne, ukame ulipomrudisha nyumbani kuchunga.

Mwaka 1980 aliolewa na Korane Dekow, dereva wa lori la maji, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009. Walijaliwa watoto wanne.

Alianza kuuza maziwa ya ngamia mwaka 1989. Maziwa husafiri kwa gari kutoka malishoni bila mwenyewe, na kila mtungi hufungwa kitambaa cha rangi ya mwanamke aliyeutuma. Hakuna anayefungua mtungi wa mwenzake. Mwenye hoteli haonji, hutazama kitambaa tu. Afisa mmoja alipotuletea vifuniko vya kufuli, Hooyo, yaani mama yetu, alimjibu, "Wewe bwana, hii kufuli beleka benki. Maziwa yetu haina mwizi." Nairobi alikwenda mara moja, akarudi amenuna kwa sababu mlinzi wa supamaketi alikagua risiti ya sukari aliyoilipia mbele ya macho yake. "Wanamlipa mtu mshahara wa kushuku wateja," alilalamika wiki nzima. "Ndiyo maana sukari yao ghali."

Lakini jamani, mwanamke huyu alitutesa. Kiangazi cha 2022 maziwa ya gari la Dadaab yalifika yametiwa maji. Nani aliyatia, hatujui mpaka leo. Wanawake wa kikundi chake cha kuuza maziwa wao walishamjua: ni Nasteho, mkimbizi anayekusanya maziwa kando ya kambi, kwa kuwa hana ukoo hapa wa kumdhamini. Hooyo hakubishana. Alikata kipande cha shali yake ya kijani, ile rangi ya mitungi yake mwenyewe, akaagiza mtungi wa Nasteho ufungwe hicho. Yaani maziwa yakiharibika, ni jina la Sharifo limeharibika. Nikamwambia, "Hooyo, humjui hata baba yake!" Akasema, "Maziwa yake nayajua." Basi! Hoteli zikaendelea kununua bila neno, na mimi nikawa nalala roho juu.

Kisukari kilimpata mwaka 2017. Kliniki ilikuwa Jumatatu asubuhi, saa ile ile ya gari la maziwa, na nyote mnajua alikuwa wapi. Tulimsihi, tukamgombeza, tukachoka. Figo zilimshinda, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025.

Udongo haujakauka, wanawake watatu wa kikundi wakanivuta jikoni. "Ugbad, walaal, ndugu yetu, ule mtungi wa msichana wa kambi tuutoe kwa gari. Mwenye kumdhamini ameenda." Jikoni, na chai ya msiba iko motoni!

Marehemu ameacha watoto wanne: mimi, Deeq, Ayan na Fathi, wajukuu tisa, ndugu yake Yonis wa Masalani, na wanawake kumi na mmoja wa kikundi. Kila mmoja wa hao kumi na mmoja, kabla hajapata rangi yake, maziwa yake yaliingia mjini kwa kitambaa cha Sharifo. Hata nyinyi wa jikoni.

Nasteho mimi simjui. Sijawahi kunywa naye chai. Lakini kesho gari la Dadaab nalipokea mimi. Kitambaa kile kisiguswe, na atakayeuliza ni cha nani, aambiwe ni cha Ugbad.

Allah amrehemu Hooyo, ampe utulivu ambao mimi hakuniachia.