Jalaludin Jiwani na Kosa Ambalo Halikuwa la Samson

Baada ya miaka thelathini na tisa ya kuandika takwimu za besiboli, Mzee Jalaludin Jiwani anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Jarida la ofisi limempa mistari minne na picha isiyo na jina. Kwa hiyo sisi Waswahili wa idara ya kumbukumbu tumemwandalia sherehe yetu wenyewe hapa Malton, kando ya Toronto, nami Kwamboka nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Nimeombwa nisiandike kwa hasira. Nimejaribu.

Alizaliwa Tabora, akaja Toronto angali kijana, akapakua mizigo uwanja wa ndege mpaka mwaka 1986, ligi ya besiboli, ofisi yetu hii, ilipotafuta mtu mwenye mwandiko safi. Mchezo alioujua ni kriketi. Siku ya kwanza aliuliza kwa nini mpigaji anatupa gongo kabla ya kukimbia, maana kwenye kriketi hukimbia nalo. Wenzake wakacheka wiki nzima. Msimu ulipokwisha, wao ndio waliokuwa wakimwuliza yeye.

Tarehe 9 Agosti 1987 alikuwa jukwaani na karatasi yake ya kuandikia matokeo. Timu ya nyumbani ilikuwa mbele kwa pointi moja. Katika zamu ya mwisho mpira wa chini ulimponyoka mlinzi wa besi ya tatu, wapinzani wawili wakafika besi ya nyumbani na kupata pointi mbili, mchezo ukapotea. Mzee aliandika kosa kwa jina la mlinzi huyo. Asubuhi yake, jedwali lililotoka magazetini lilimbebesha kosa hilo Samson Braithwaite, aliyesimama hatua kadhaa pembeni na hakuugusa mpira. Yule mlinzi alikuwa karibu kuuzwa kwa timu kubwa, na ilitakiwa rekodi yake iwe safi. Samson alikuwa kijana wa mtaa wa Mount Dennis, hapo Toronto, asiye na wa kumsemea. Siku kumi baadaye aliachishwa kazi, na barua ya kumwachisha kazi ililitaja kosa lile.

Mzee alipinga. Mkuu wake alimwambia ashughulikie mwandiko. Akahifadhi nakala ya karatasi yake, na kila Agosti akaandika barua kuomba sahihisho. Alijibiwa mara mbili tu, na mara zote mbili aliambiwa ni mchezo, asahau.

Mwaka 2009 tulihamishia rekodi kwenye kompyuta, na mchezo ule ukaangukia meza yangu. Mzee aliweka nakala yake mbele yangu, hakunishurutisha. Mkuu wa wakati huo akaniamuru nifuate kilichochapishwa. Nilijua ukweli, nikaandika uongo, kisha nikaenda kula chakula cha mchana. Ninapowakasirikia wakubwa, najikasirikia na mimi.

Machi mwaka huu alitakiwa kutia sahihi kwamba rekodi zote anazoziacha ni za kweli. Akakataa. Wakamwambia basi hataagwa. Wiki tatu alikuja kazini amevaa tai yake, akafanya kazi yake, na ile fomu hakuigusa. Ndipo mwenzetu Eustache, aliyekuwa akipanga kanda za zamani ghorofa ya chini, alipoipata filamu ya mchezo ule. Tuliitazama sote. Mpira unaonekana ukipita chini ya mkono wa mlinzi. Samson yuko mbali. Mkuu wa sasa aliomba irudiwe mara tatu, kana kwamba ingebadilika. Rekodi ilisahihishwa siku hiyohiyo, na Mzee akaitia fomu sahihi.

Nilimsindikiza Mzee hadi Mount Dennis kumpelekea Samson jedwali jipya. Samson ana miaka sitini na mitatu sasa, na magoti yake yameliwa na kazi ya kubeba maboksi ghalani. Aliisoma karatasi polepole, akaikunja.

“Mama yangu alizikwa akiamini kwamba nilipoteza mchezo ule,” alisema. “Hilo mtalisahihisha wapi?”

Mzee alisimama, akamwomba radhi kwa niaba ya ofisi ambayo mpaka leo haijamwomba radhi yeyote kati ya hao wawili. Samson alimshika mkono, akamwambia aketi, chai inakuja.

Mzee Jalaludin, asante kwa kutufundisha kazi hii kwa matendo. Sisi tunaobaki, watu kumi na mmoja, tumeiandikia ofisi kudai Samson aombwe radhi hadharani. Jina la kwanza ni langu. Wewe kaa na mkeo, Mama Shahnaz, ule vizuri, utembee, uzeeke kwa raha. Nenda na amani, Mzee wetu. Hasira tuachie sisi.