Nani Ataapa kwa Gwenda?

Asubuhi ile, kwenye benchi la nje ya duka la mikate la Narromine, mji mdogo wa Australia, miaka ile kabla sheria ya ndoa haijabadilishwa, pai zilipoa bila kuguswa. Kadogo, pande la mtu ambaye jina hilo alipewa kwa kejeli, ndiye aliyeleta habari: Lorraine na Gwenda wanapeana talaka. Harusi yao aliisimamia yeye, enzi hizo Gwenda ndiye bwana harusi, na tangu jana hakuwa amelala.

— Hawa hawa wanaoshikana mikono mpaka buchani? aliuliza Speedi, ambaye hajawahi kukimbilia kitu.

— Hao hao. Gwenda keshapasuliwa, jina keshabadili. Sasa anataka cheti cha kuzaliwa kiseme ni mwanamke. Sheria inasema mwenye ndoa hapewi, maana wanawake wawili hawaoani. Waachane kwanza.

— Mungu wangu.

Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kuwahi kufika mahakamani mara moja tu, kwa kesi ya mbwa, alieleza kwamba serikali inaogopa. Wakimwachia Gwenda, kesho wanaume wa mji mzima wataamka wamevaa gauni.

— Haba na haba hujaza kibaba, alimalizia.

— Kibaba cha nini, we mzee?

— Cha magauni.

Speedi naye akadai kwamba ndoa ikifutwa, zawadi zote zinarudi kwa wenyewe, kwa hiyo Kadogo aende akalidai birika lake. Hakuna aliyecheka.

Lorraine alivuka barabara, kikapu kwapani. Ng'ambo, Gwenda alibaki kaegemea pikapu, amemshikia sweta lake. Lorraine hakukaa. Alisema korti inataka wawe wametengana mwaka mzima, nao bado wako nyumba moja. Gwenda na moyo wake ule mgonjwa aende wapi? Kwa hiyo anatakiwa rafiki wa kuwaapia kortini kwamba wametengana humo humo ndani.

— Anaogopa kuzikwa akiandikwa mwanaume, alisema. Basi niambieni, jamani. Nani kati yenu ataapa kwamba mimi na Gwenda hatuko pamoja tena?

Wakili aliangalia viatu vyake. Speedi akainua kikombe, kumbe kahawa ilikwisha zamani.

Kadogo alitaka kusema mimi. Upepo ukavuma, na kule ng'ambo Gwenda akainua sweta juu, akimwita mkewe aje avae. Kadogo alifumbua mdomo, akaufumba.